Kata Begonia Kabla Mteja Hajakata Bei

Leo naomba niweke pembeni alizeti, mtama na karanga, nizungumzie maua ya ndani, hasa begonia. Najua wapo watakaosema bwana shamba kaishiwa mada. Sijaishiwa. Wapo vijana hapa Haneti na vijiji vya jirani wanaootesha maua ya vyungu na kuyapeleka Dodoma mjini, na kila nikipita kwenye vibanda vyao naona jambo lile lile likirudiwa, tena kwa kujivunia. Unaonyeshwa begonia ya shina moja, urefu unakaribia mita, majani manne yako juu kabisa, chini imebaki uchi kama mlingoti wa bendera. Halafu unaambiwa, "Hii ndiyo kubwa kaka, bei yake ni nyingine."

Nasema mapema, ili anayetaka kubishana ajue pa kuanzia: begonia ya namna hiyo imerefuka tu, haijakua. Anayeipandisha bei kwa sababu ya urefu anauza kasoro kwa bei ya ubora. Mteja wa kwanza atanunua kwa sababu hajui. Ikifika mezani kwake itaegemea ukuta, itadondosha majani mawili kati ya yale manne, na yeye atahitimisha kwamba maua ya wale vijana wa njia ya Kondoa hayadumu. Hapo umepoteza mteja, na umempotezea na mwenzako mwenye mzigo mzuri.

Soko lipo, tusidanganyane. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na mji ukawa jiji Aprili 2018, watu wanaotaka ua la mezani wameongezeka. Kuna ofisi za Mtumba, kuna mahoteli, kuna nyumba mpya kule Iyumbu, Njedengwa na Ilazo. Wengi wametoka Dar es Salaam, wamezoea kijani kibichi mwaka mzima, wamekuta vumbi letu la Agosti, wanatafuta kitu cha kupoza macho. Na sisi Haneti tuko kwenye barabara ya lami ya Dodoma kwenda Kondoa na Babati, mzigo unafika mjini siku hiyo hiyo. Lakini mzigo gani? Begonia ya mita moja kwenye basi ni mashaka matupu. Inapinda, inavunjika kwenye kifundo, kondakta anaitazama vibaya. Begonia fupi iliyojaa unaipanga kwenye kreti la soda, inafika kama ilivyotoka.

Kabla sijaenda mbali niwajibu wazee, maana hoja yao ina uzito. Wanasema maua hayaliwi, na kwenye nchi ya ukame kama Ugogo kumwagilia kitu kisicholiwa ni anasa. Mimi nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Kama unamwagilia mimea mirefu iliyokaa kwenye ndoo kubwa, majani yanapigwa na upepo wa kiangazi, maji yanapotea kweli. Lakini piga hesabu ya mmea mdogo. Chungu cha upana wa sentimita 12 au 13 kinatosheka na mililita 150, yaani kikombe cha chai kisichojaa. Vyungu 100 ni lita 15. Ukimwagilia mara mbili kwa wiki ni lita 30, ndoo moja na nusu. Hiyo ndoo na nusu kwa wiki inaweza kumsomesha mtoto wa mtu, ilimradi mmea ubaki mdogo. Kwa hiyo suala la ukubwa wa begonia kwetu huku linagusa maji na kipato kabla halijagusa urembo.

Sasa tuje kwenye kisu, maana hapo ndipo vijana wengi wanapogoma. "Nimeilea miezi mitano, leo uniambie niikate?" Ndiyo, nakuambia uikate. Na nashangaa hofu hii kuikuta mkoa wa Dodoma kuliko mahali pengine popote. Nenda Chinangali au Hombolo kwa mkulima wa zabibu. Anaingia shambani na mkasi, anapogoa mzabibu mpaka unabaki kama mti uliokufa, na wala hatetemeki, kwa sababu anajua asipopogoa hapati kitu. Kwa kupogoa huko ndiyo anavuna mara 2 kwa mwaka. Watoto wa mkoa huo huo, waliokula zabibu hizo hizo, wanaogopa kukata ncha ya ua! Hata jiwe letu la kijani la kilima cha Haneti, lile krisopresi ambalo wafanyabiashara wa vito wanalijua mpaka nje ya nchi, halipati bei yake mpaka likatwe.

Kinachofanyika ndani ya mmea ni hiki. Ncha ya shina inatengeneza homoni inayoitwa oksini, ambayo inashuka kwenda chini na kuyalaza macho ya pembeni. Ncha ikiwepo, macho yanalala na mmea unapanda juu tu. Ukiiondoa ncha, oksini inapungua, macho mawili matatu ya chini yanaamka na kila moja linatoa tawi. Tawi likifikisha majani matatu, nalo unalikata ncha. Mmea uliokuwa na kilele kimoja sasa una vinne au vitano, na chungu kinaanza kujaa. Kazi yote ni hiyo, haina uchawi.

Ila lazima ujue una begonia ya aina gani, maana duniani kuna spishi zaidi ya 2,000, na kisu hakitumiki sawasawa kwa zote. Kwa biashara yetu zigawe kwa jinsi zinavyokua. Kuna za mwanzi, ndivyo ninavyoziita mimi, zenye shina lililosimama lenye vifundo na pingili kama mwanzi, majani marefu kama bawa la ndege, mara nyingi yana madoa meupe. Hizi ndizo zinazopanda mpaka mita moja na nusu ukiziachia, na ndizo zenye kesi leo. Kuna za shina linalotambaa juu ya udongo, zikiwemo zile zinazoitwa rex, zenye majani ya rangi rangi. Hizi hazipandi juu, zinatanuka. Halafu kuna zile ndogo za majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa nta, zinazotoa maua karibu mwaka mzima na kwa kawaida haziendi mbali zaidi ya sentimita 30.

Hizi ndogo za nta sina maneno mengi nazo. Zikichoka na kuwa na miguu mirefu, zikate zibaki sentimita 8 hivi, zitajaa tena. Rex nayo usiikate ncha kama ya mwanzi ukitegemea itasimama. Ukubwa wake unauzuia kwa chungu, na kwa kupunguza kipande cha shina lililotambaa mpaka likaning'inia nje ya ukingo. Kipande hicho usitupe, nitakirudia.

Za mwanzi ndizo za kuzungumza. Anza mapema, mche ukiwa na vifundo vinne au vitano, ukiwa bado mfupi kama kalamu. Kata juu kidogo ya kifundo, ukiacha nafasi ya nusu sentimita hivi. Ukiacha kipande kirefu juu ya kifundo kitaoza na kuoza kutashuka. Chagua kifundo ambacho jicho lake linatazama nje ya chungu, ili tawi jipya liende nje badala ya kujaza katikati. Kisu kiwe kikali, na kila unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine ukifute kwa spiriti au maji ya jiki. Naona watu wanatumia wembe mmoja kwa kitalu kizima, halafu wanashangaa ugonjwa umesafiri kwa mstari.

Kwa mmea ambao tayari ni mlingoti, kukata ncha peke yake hakusaidii, kwa sababu utapata matawi juu ya mlingoti, mfano wa mnazi. Huo unahitaji kukatwa chini kabisa, ubaki na vifundo viwili au vitatu juu ya udongo. Kama una mashina kadhaa, usiyakate yote siku moja. Kata theluthi, yale ya zamani zaidi, subiri chipukizi zitoke, kisha endelea. Mmea uliokatwa majani yote hauna kiwanda cha chakula, unaishi kwa akiba, na ukiumwagilia kama zamani mizizi inaoza maana hakuna majani ya kuyavuta maji. Hapa naomba mnielewe vizuri: baada ya kukata, punguza maji. Begonia nyingi zinazosemekana zimekufa kwa sababu ya kisu, ukichimba udongo unakuta zimekufa kwa ndoo.

Wakati nao una maana yake. Juni na Julai usiku wetu una baridi, begonia inasinzia, ukiikata sana wakati huo itakaa tu bila kuchipua. Mimi nashauri kukata kwa nguvu mwishoni mwa Agosti hadi Septemba, joto likianza kurudi. Toka hapo unakata ncha tu, kidogo kidogo, mpaka karibu Aprili. Hesabu kama miezi 3 toka ulipokata kwa nguvu mpaka chungu kionekane kimejaa. Kwa hiyo anayetaka mzigo wa sikukuu za Desemba akikumbuka kisu Novemba, mimi simsaidii.

Kuna kijana mmoja aliniambia, "Bwana shamba, nikikata napoteza mali." Nikamuuliza, vipande unavifanya nini? Akaonyesha kwa kidole: vinaliwa na mbuzi. Jamani! Kwanza begonia ina oksalati, haifai kwa mbuzi wala kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni, na mteja mwenye mtoto mdogo ni haki yake kuambiwa hivyo. Pili, kile kipande cha ncha chenye vifundo viwili au vitatu ndiyo mche wako unaofuata. Ondoa majani ya chini na maua yote, bakiza majani mawili juu. Chomeka kwenye mchanga safi wa korongo uliooshwa, au mchanga uliochanganywa na mboji iliyochekechwa, kifundo kimoja kikiwa chini ya mchanga. Funika na chupa ya maji ya lita 1.5 uliyoikata kitako, kizibo ukifungue kila siku kidogo hewa iingie. Hewa yetu ni kavu mno, bila chupa kipande kinanyauka kabla ya kuotesha mizizi. Weka kivulini. Wiki 3 hadi 4 utakuta mizizi.

Rex inakwenda zaidi ya hapo. Jani moja linatosha. Ligeuze, chana kwa wembe mishipa mikubwa ya chini ya jani mahali pawili patatu, lilaze juu ya mchanga wenye unyevu, likandamize kwa vijiwe ligusane na mchanga, funika. Pale ulipochana vitatoka vimche vidogo baada ya wiki 6 hadi 10. Kile kipande cha shina nilichosema usitupe nacho unakilaza vivyo hivyo, nusu kimezama.

Kwa hesabu nyepesi ya mfano: una begonia 20 ndefu ambazo kila moja inatoa vipande vitatu. Ni vipande 60. Tuseme theluthi vinakufa, unabaki na miche 40 mipya, na zile 20 za zamani zinajaa upya. Huyo ndiye aliyesema anapoteza mali.

Sasa swali ambalo wachache wananiuliza: kwa nini zilirefuka toka mwanzo? Maana kukata bila kuondoa sababu ni kukata kila mwezi. Sababu ya kwanza kwetu ni giza. Mtu amesikia kwamba begonia haitaki jua, akaiweka nyuma ya nyumba chini ya turubai, pamoja na wenzake 50 wamebanana kama abiria wa Noah siku ya mnada. Mmea ukikosa mwanga unavuta shingo kuutafuta. Unaweza kuusoma kwenye shina lenyewe: pima pingili. Kama za chini zina sentimita 3 na za juu zina 7 au 8, shina linakuambia siku gani uliuhamishia gizani. Begonia haitaki jua la saa saba la Dodoma, hilo kweli litaichoma jani likawa kahawia. Lakini inataka mwanga mwingi. Neti ya kivuli ya asilimia 60 hadi 70 inatosha, na jua la asubuhi linaweza kuigusa bila shida. Achanisha vyungu mpaka majani ya kimoja yasiguse ya kingine. Najua nafasi ni ndogo. Afadhali vyungu 60 vyenye umbo kuliko 120 vya milingoti.

Na huyu mteja wako naye mwambie. Dirisha linalotazama mashariki ndiyo mahali pake, na kila wiki azungushe chungu robo mzunguko. Asipozungusha utaitwa baada ya miezi miwili uone ua lililoinama upande mmoja kama linasikiliza majirani.

Sababu ya pili ni urea. Sisi watu wa mahindi tukiona mmea tunafikiria kukuzia. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Ukiitia kwenye chungu cha sentimita 12 unapata majani mapana laini, pingili ndefu zilizojaa maji, shina lisilojibeba, na mara nyingine mizizi inaungua kabisa. Tumia NPK inayoyeyuka kwenye maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila baada ya wiki 2 wakati wa joto, na wakati wa baridi acha kabisa. Samadi mbichi ya ng'ombe usiweke. Iliyooza vizuri, iliyochekechwa, sehemu moja kwa sehemu tatu za udongo mwepesi wenye mchanga na vipande vidogo vya mkaa, hiyo sawa.

Chungu nacho ni breki. Nimeona begonia yenye mizizi ya kujaza kikombe imewekwa kwenye ndoo ya lita 10 "ili ikue haraka". Udongo ule mwingi unabaki na maji ambayo mizizi haiyafikii, unakuwa tope baridi, mizizi inaoza. Ukihamisha, chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 2 au 3 tu kwa upana. Na kama unataka ubaki hapo ulipo, si lazima uongeze chungu. Toa mmea, punguza mizizi ya nje kama robo, badilisha udongo, rudisha kwenye chungu kile kile, na juu upunguze kwa kiasi kama hicho. Mmea unaweza kukaa miaka kwenye meza ile ile kwa mtindo huo.

Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi, mnajua wenyewe ukichemsha sufuria inabaki na ukoko mweupe. Ukoko huo huo unajijenga juu ya udongo wa chungu na ncha za majani zinakauka. Ukiweza kinga maji ya mvua kuanzia Desemba, yatenge kwa ajili ya vyungu. Usipoweza, mara moja kwa mwezi mwagilia mpaka maji yatoke kwa wingi chini, yaoshe chumvi, na usiache chungu kikae kwenye kisahani chenye maji. Siku nyingine zote gusa udongo kwanza. Sentimita 2 za juu zikiwa kavu, mwagilia. Zikiwa na unyevu, nenda kafanye kazi nyingine.

Wengine mtaniuliza kuhusu dawa za kudumaza. Zipo. Wazalishaji wakubwa wa Ulaya na Marekani wanatumia kemikali kama paklobutrazoli ili maua ya vyungu yabaki mafupi. Mimi sizipendekezi kwa mkulima wa vyungu 100 au 500. Begonia ni nyepesi kudhurika na dawa hiyo, ukizidisha kidogo inaganda, haikui wala haichanui. Halafu kiuatilifu chochote unachonunua lazima kiwe kimesajiliwa na TPHPA, na kichupa kisicho na lebo kutoka kwa mtu aliyekipata kwa mtu si kitu cha kuingiza kwenye nyumba ya mteja. Kisu hakihitaji usajili.

Kukata kuna faida nyingine ambayo wakulima wa zabibu wataitambua haraka: ubwiri unga. Ule unga mweupe juu ya jani unaisumbua begonia kama unavyosumbua mzabibu. Mmea uliobanana katikati, hewa haipiti, unaupata kwanza. Punguza mashina ya katikati, ondoa majani yenye unga, usimwagilie juu ya majani jioni. Usikimbilie salfa ya shambani, kwenye joto kali inaunguza majani laini ya begonia. Na ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya jani na shina, hao ni vidung'ata, wafute kwa pamba yenye spiriti kabla hawajahamia kwa jirani.

Nirudi kwenye hoja yangu, maana kuna mtu ana jibu tayari: "Lakini wateja wenyewe wanalipa zaidi kwa ndefu." Ni kweli, baadhi wanalipa. Mapokezi ya hoteli hayawezi kupambwa na chungu cha mkononi. Basi mtengenezee ndefu ya kweli. Weka miche mitatu ya mwanzi kwenye chungu kimoja kikubwa, kata ncha kila mmoja mara mbili ya kwanza ili uchipue chini, kisha yaache mashina sita au saba yapande kwa urefu tofauti, uyafungie vijiti. Hiyo itakuchukua zaidi ya mwaka, na hapo dai bei yako bila aibu. Ninachokataa ni kuuza shina moja lililonyooka gizani kwa miezi minne kwa bei ya mmea wa mwaka mmoja.

Kwa wateja wengine wote, nadhani tunaidharau bidhaa ndogo bila sababu. Kuna ua dogo la zambarau lililotoka misitu ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani kule, aliliona na kulipeleka kwao, likapewa jina la Saintpaulia. Leo linauzwa nchi nyingi duniani, na kwa kawaida halizidi kisahani cha chai. Wametajirika kwa ua linalokaa kwenye kiganja, tena la kwetu. Begonia za asili nazo tunazo. Moja inapanda juu ya miti kwenye milima ya huko huko mashariki na Kilimanjaro, jina lake Begonia meyeri-johannis, kwa heshima ya Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889. Sisemi mkazing'oe msituni, msithubutu. Nasema mimea hii kwao ni kivuli chepesi na unyevu, na sisi tunaiomba iishi kwenye ukame wa uwanda wa kati. Ikiwa fupi, yenye majani yanayokingana na udongo uliofunikwa, inavumilia. Ikiwa mlingoti, upepo wa Septemba unaimaliza.

Pendekezo la mwisho ni la biashara. Uza na huduma ya kukata. Mteja wa ofisini akinunua vyungu 10, mwambie utarudi baada ya miezi 3 kukata ncha na kubadilisha kilichochoka, kwa malipo mnayopatana. Yeye anapata ua ambalo halimzidi meza. Wewe unapata pesa ya kukata, na vipande unaondoka navyo nyumbani vikawe miche. Sijaona kazi nyingine ya kilimo ambayo mteja anakulipa uende kuchukua mbegu kwake.

Anayetaka kuonyeshwa kwa vitendo aje ofisini siku ya Jumatano asubuhi na chungu kimoja, kile kirefu kuliko vyote. Kisu na spiriti ninavyo. Chupa tupu ya maji aje nayo mwenyewe.